Kwa Muda Tu

Saa nane usiku, kiwanda cha minofu, Igogo.
Sangara wamelazwa kwenye barafu, midomo wazi.
Nami nina kiti cha plastiki na shuka la kufunika magoti,
maana chumba cha seva kina baridi kuliko chao.
Bi. Nyanjige wa mahesabu alipiga simu jioni:
"Minza, hebu niambie, mlinzi wa ndani yupo?
Wakaguzi wanakuja Jumatatu."

Mlinzi wa ndani hana buti wala rungu.
Amekaa kwenye kiini, chini ya kila programu,
mahali ambapo hata mkuu wa mashine akiamuru
huulizwa: unakwenda wapi, na kwa kibali gani?
Hana taa. Mashine yenye mlinzi
na mashine isiyo naye
hunguruma sauti moja.
Kwa hiyo unauliza.

Nikafungua skrini nyeusi. Kishale kikapepesa.
Nikaandika neno moja, herufi ndogo, bila nafasi,

getenforce

nikabonyeza, nikameza mate.

Angeweza kuwa amezimwa; ningejua pa kuanzia.
Angeweza kuwa kazini; ningekwenda kulala Nyegezi.
Likaja jibu la katikati:

Permissive

Yaani yupo. Yuko macho. Anaona kila apitaye,
anamwandika daftarini,
na anamwacha apite.

Nikachungulia dirishani. Getini, Lugwisha
na kalamu yake iliyofungwa uzi.
Mwaka jana pikapu ilitoka na kreti kumi na moja,
karatasi ikisema tisa.
"Niliandika kumi na moja," aliniambia,
na hakudanganya.

Nikafungua daftari la mashine.
Kurasa kwa kurasa: programu ya mizani
imesoma faili za mishahara. Ningezuia.
Imesoma tena, Machi, saa tisa usiku. Ningezuia.
Ningekataa. Ningeirudisha.
Lugha yake yote ni nge,
na nge, tunajua, sumu yake iko mkiani.

Nikashuka hadi mstari wa kwanza, nione nani alimlegeza.
Tarehe kumi na nne Februari.
Jina: mimi.

Nakumbuka. Mizani mpya iligoma kuandika uzito,
malori kutoka Kirumba yamepanga foleni hadi barabarani,
barafu inatiririka, meneja amesimama nyuma ya shingo yangu.
Nikasema, kwa muda tu.
Mizani ikaandika. Watu wakapiga makofi.
Mimi nikaenda kula.

Basi nikamkaza, kwa amri moja fupi.
Nikauliza: Enforcing.
Nikavuta shuka, nikaanza hata kumwandikia Bi. Nyanjige,
ndipo umeme ukakatika.
Betri ya akiba ilikufa tangu Pasaka.
Jenereta likakohoa, likakohoa, likashika,
seva ikaamka kama mtu aliyeamshwa na maji,
nami, sijui kwa nini, nikauliza tena.

Permissive

Kumbe Februari sikuishia kwenye amri.
Nilikwenda hadi kwenye faili la kuamkia,
nikaliandika humo neno hilo,
ili umeme ukirudi nisisumbuliwe.
Mashine haikusahau. Aliyesahau ana shuka magotini.

Nikafuta neno, nikaandika jingine, nikahifadhi.
Nikaizima mwenyewe, nikaiwasha mwenyewe,
nikauliza mara ya nne, na safari hii
sikumwandikia mtu.

Saa kumi na moja alfajiri kreti ya kwanza ikapanda mizani,
na mizani ikakataa. Vijana wakanigeukia.
"Subirini," nikasema. "Naiandikia kibali chake,
cha uzito peke yake."
Ilichukua dakika arobaini. Barafu ilitiririka.
Hakuna aliyepiga makofi.

Nikitoka, Lugwisha akaniandika: jina, saa, begi moja.
Nikamwuliza, lile daftari la kreti kumi na moja,
ulimpa nani?
Akafunua kurasa, akaangalia ziwani, akafunga.
"Hakuna aliyeliomba," akasema,
akainua geti.